Ushahidi wa Mhandisi Mzee

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka Kalamu,

Pokea salamu za wote wa nyumba hii. Mgongo unaendeleaje, na baridi ya huko imepunguza makali? Sisi miili haijambo. Mama anakula kidogo na kulalamika sana, kwa hiyo ni mzima.

Nimeiahirisha barua hii wiki nzima. Nimefua hata mapazia yasiyokuwa machafu. Kaka, kesi ya kifo cha mdogo wetu imetupwa.

Nianze na ile karatasi uliyotuma. Ulijitahidi. Ulimtafuta yule mhandisi mzee wa kiwanda huko kwao alikostaafia mpaka ukampata, naye akaandika kwa mkono wake kwamba meneja wa kiwanda ndiye aliyeamuru kifuniko cha mkanda, ule uliomnasa marehemu, kiondolewe, ili mashine isage unga haraka zaidi. Mdogo wetu hakukigusa. Lakini mkono wa mzee ulitetemeka, mistari ikapanda na kushuka, nawe ukaona aibu kupeleka kitu kama kile mahakamani. Ukainakili upya kwa mwandiko wako mzuri, mzee akatia sahihi, ile ya kwanza ukaichana. Ndivyo tulivyokuzoesha: barua zote za ukoo, hata za posa, lazima zipite kwako zinyooshwe.

Wakili wa kiwanda aliiinua juu akauliza, "Mheshimiwa, huu ni ushahidi wa mhandisi au wa kaka wa marehemu?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nikiangalia viatu vyangu.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alisema shahidi aliye nje ya nchi sharti aapishwe na mahakama ya huko, akaandika barua ya kuwaomba wamhoji. Barua ikapita ofisi hadi ofisi, ikarudishwa kwa kukosa tafsiri, ikaenda tena. Miezi kumi na mmoja! Kila Jumatatu nilikuwa dirishani pa masjala, hadi karani wa pale akawa ananiita shemeji. Mwezi uliopita jibu likaja, mistari mitatu tu: mhandisi alifariki siku tisa kabla ya tarehe ya kuhojiwa.

Najua utajitesa. Nilikukasirikia, sikufichi, siku mbili sikutaka hata kuiona picha yako ukutani. Kisha nikakumbuka kuwa ni mimi niliyekuandikia, "Hakikisha inasomeka." Basi tumekosa wote wawili, na maji yakimwagika hayazoleki.

Shangazi anakusalimu, na binamu fundi cherehani, na wanangu mapacha wanaouliza utakuja lini. Mungu akulinde, akupe na usingizi.

Limebaki moja. Hukumu inasema mdogo wetu alikufa kwa uzembe wake mwenyewe. Mama, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi, aliniomba nimsomee. Akaketi kitandani, mikono magotini. Nilimsomea kwamba mahakama imeona mwanawe hakuwa na kosa lolote. Akashukuru, akaomba nimsomee tena pale pale, nami nikatunga tena, neno kwa neno. Ukipiga simu, kaka, nawe useme hivyo hivyo.

Wako akupendaye hata sasa,
Dada yako.