Uzi Mmoja wa Shuka Kutoka Maskati

Baba Zuhura,

Kwa heshima zote, na mbele ya kila atakayeisoma barua hii, natangaza rasmi kwamba Jumatano iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilichomoa uzi mmoja kwenye pindo la shuka ulizomtumia mwanao, nikautia moto. Hakuna aliyejeruhiwa. Shahidi alikuwa paka wa jirani, naye aliondoka kabla ya matokeo.

Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu zile za bahasha hukuzijibu. Hii atakusomea yeyote, hata dadako Saumu, ambaye husoma hata zisizomhusu.

Shuka zilifika salama, ndani ya paketi ya plastiki yenye zipu, utepe wa dhahabu, na picha ya mwanamke wa kizungu amelala kitandani akicheka. Sijui anacheka nini. Zuhura aliipakata ile paketi kama mtoto mchanga, akaanza kunisomea lebo. Pamba tupu, asilimia mia. Halafu nyuzi elfu moja kwa kila inchi. Nyuzi elfu kwenye inchi moja! Hiyo si nguo, huo ni umati wa Maulidi. Akasema, "Mama, na hapa chini pameandikwa..." Nikamwambia basi, mwanangu, inatosha. Mimi sisomi lebo. Lebo huandikwa na anayeuza.

Wewe na lebo, Baba Zuhura, mnajuana tangu zamani. Unakumbuka mwaka tuliooana, ulipokuwa karani kule Marereni, kwenye chumvi, na mashati yako yakikauka yanasimama yenyewe? Tulikwenda pamoja lile duka la vitambaa nyuma ya soko la Malindi. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu ya kazi ya udobi kule hotelini, lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kujua. Wewe uliikimbilia ile shuka nyekundu inayong'aa. Mimi nikaikamata pembe yake, nikaifumbata, nikaiachia. Ikajinyoosha palepale, haina hata kunyanzi moja, kama mtu asiyejua haya. Nikakwambia, hii si pamba.

"Wewe mwanamke," ukasema, na mwenye duka anasikia, "waiminyaminya shuka kama wachagua embe. Lebo hiyo hapo, pamba. Wataka nini tena, ikuapie?"

Mwenye duka akacheka mpaka akashika meza. Ukainunua. Na ilikuwa miezi ya joto, joto la Malindi lile la kuufanya ukuta utoe jasho. Kila asubuhi tuliikuta shuka yako sakafuni, na sisi juu ya godoro tupu, mgongo wangu umetoka harara kama ganda la fenesi. Ukasema nina damu nzito. Ulikuwa hodari wa kupata kasoro kwenye damu ya mtu kuliko kwenye kitambaa ulichokinunua mwenyewe.

Miaka ishirini na tano nimefua shuka za watu, Baba Zuhura. Sikusomeshwa, lakini hakuna aliyewahi kuniuzia kitambaa akaondoka anacheka. Shuka ya pamba ukiifumbata hushika kunyanzi, kwa sababu ina kumbukumbu. Ukiisugua kwa viganja isitoke unga, maana unga ule ni wanga waliotiwa ili kitambaa chepesi kijifanye kizito. Ukifua mara moja, uzito wote umekwenda na maji. Ukiinyanyua mbele ya dirisha usione vitundu vikubwa hapa na vidogo pale. Tone la maji linywewe, lisibaki juu likitetemeka. Na kwa pwani hii, chukua mfumo ule wa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini, unaopitisha upepo. Ule unaong'aa waachie wanaolala kwenye baridi. Haya nilimwambia hata meneja wa hoteli, siku alipoleta zile za mchanganyiko kwa kuwa eti hazihitaji pasi. Akaniambia wageni hawajui tofauti. Mwezi wa pili shuka zikaota vijidonge kama upele, na wageni ambao hawajui tofauti wakawa wanajikuna wakinywa chai. Meneja akalaumu mbu.

Lakini nisiwe mwongo. Kuna siku moja nakuwekea. Zuhura alipozaliwa, nikawa siwezi kuinama, ulizifua shuka wewe mwenyewe pale uani, suruali umeikunja magotini, kina mama wa jirani wakichungulia kwenye ua na kukutania, "Baba mzazi, usisahau na nepi!" Ulitia sabuni ya kufulia mtaa mzima. Ulipozianika zikaburura mchangani, ukazirudia, zikaburura tena, kwa sababu hukufikiri kuipandisha kamba. Mara ya tatu ukaja ukakaa ukingoni mwa kitanda, mikono imekunjana kwa maji, ukaniuliza, "Hivi wewe huifanya kazi hii kila siku?" Nikakuambia kila siku. Ukanyamaza. Ndiyo mara pekee niliyokuona umenyamaza kwa sababu ya maana.

Halafu ukaenda Maskati kwa miaka miwili. Zuhura alikuwa na saba. Sasa ana ishirini na nne. Hesabu hiyo pia waachie wenye lebo.

Basi sikiliza kilichotokea. Mwanao ameolewa Mambrui, kwa watu wazuri wenye wanawake wengi wenye vidole virefu. Kwetu, hujasahau natumaini, kitanda ni cha bwana harusi, lakini kukitandika ni juu ya upande wetu, na wanawake wa upande wao husimama wakitazama. Hawatazami tu. Hupapasa. Bibi harusi hupimwa kwa shuka yake kabla hajafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshamtafutia za kwangu: nyeupe, pamba yenye kunyanzi zake, nimezifua mara tatu na kuzianika juani mpaka zikalainika. Zuhura akazitazama, akanibusu mkono, akasema atatandika za baba.

Nikamwambia, "Mwanangu, babako hajui pamba. Utakuja kuaibika mbele ya watu."

"Mama, hata zikiwa gunia, ni za babangu."

Na shuka za harusi hazifunuliwi mpaka kitandani, hivyo ndivyo nyanya yangu alivyotuachia. Ndiyo maana Jumatano ile nilifungua zipu kiasi cha kupitisha vidole viwili tu, nikachomoa uzi. Nakuambia ukweli, niliomba usiwe pamba. Poliesta ukiichoma hujikunja, ikanuka plastiki, ikaacha kidonge cheusi kigumu. Kidonge hicho ningekitia kwenye karatasi, nikamwonyesha mwanao, nikasema: huyu ndiye babako.

Uzi ukawaka kama karatasi. Ukanuka karatasi. Ukaacha jivu la kijivu, laini, nikalipuliza likaruka. Ilikuwa pamba, tena pamba ndefu, safi, ya kumtia wivu mtu aliyefua miaka ishirini na tano. Nilikaa pale jikoni nimekasirika kuliko siku uliyoondoka. Nikairudisha zipu. Nikamwambia Zuhura, sawa.

Alhamisi tukaenda Mambrui. Anayetandika ni shangazi, kwa hiyo Saumu akaingia chumbani na paketi yake, na mimi nikabaki sebuleni nikinywa kahawa kama mtu asiye na wasiwasi. Mkobani nilikuwa na zile nyeupe zangu. Haukupita muda nikasikia, "Wifi! Hebu njoo huku."

Saumu alikuwa ameshika pembe moja ya shuka. Pembe ya pili ilikuwa imeishia katikati ya kitanda. Alivuta kwake, kwangu pakawa wazi. Nilivuta kwangu, kwake pakawa wazi. Wanawake wa Mambrui walikuwa wamesimama ukutani kimya, kimya kile cha kufurahi. Mkubwa wao akaja, akaipapasa, akasema taratibu, "Mashallah. Pamba nzuri kweli." Kisha akageukia wenzake: "Sasa bwana harusi atalala wapi?"

Wakacheka mpaka mmoja akaketi. Saumu akaiokota ile paketi, akasoma chini kabisa ya lebo, kule nilikomkataza Zuhura asifike. "Kitanda cha mtu mmoja," akasema. "Wifi, wewe hukusoma?"

Nikatoa zile nyeupe mkobani. Nilikuwa nimeshazikunjua nusu Zuhura alipoingia, hina haijakauka vizuri, mikono ameinyanyua juu asiguse kitu. Akatazama kitanda. Akatazama shuka yako.

"Zipo mbili, Mama," akasema. "Ziunganishe."

Cherehani ya nyumba ile ina pedali inayolia kama bata. Nimeshona pale mbele ya wakwe zangu wote, mshono wa kulala, mara mbili, ili usimkere mtu mgongoni. Hakuna aliyecheka tena, kwa sababu mshono wangu hauchekwi. Saumu akatandika. Mwanao akalala kwenye shuka za babake, kama alivyotaka, na nyeupe zangu nimerudi nazo nyumbani.

Kaa salama huko Maskati na kiyoyozi chako. Zuhura anakushukuru, na atakuandikia mwenyewe. Mimi nakujulisha moja tu. Kitanda cha mwanao ni sita kwa sita.

Mama Zuhura