Kwale Mlangoni pa Mama

Muleba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi,
12 Mei 1976

Mpendwa kaka Datius,

Shikamoo yangu ikufikie wewe pamoja na shemeji Georgina hapo Mwanza. Naomba barua hii iwakute wazima, na kile kifua kinachokusumbua kwa vumbi la pamba kiwe kimepata nafuu. Mimi sina ugonjwa wa mwili. Mama naye hajambo, ingawa amekonda. Huku kwetu mvua imenyesha ya kutosha na kahawa imeanza kuwa nyekundu. Mzee wetu Ta Mutembei anakusalimu, anasema bado anakumbuka namna ulivyomwezekea nyumba.

Utashangaa kuona nimeandika Muleba badala ya nyumbani Rubafu. Leo ni siku ya nne niko hapa na Mama, kwa Ma Kokushubila, yule aliyekuwa jirani yetu. Najua ukilisoma jina hilo damu itachemka. Kaka, nakuomba kwa jina la marehemu baba yetu, usiichane barua hii. Isome yote mpaka chini, kisha ufanye utakavyo.

Inanipasa nianze na paka wa Mama, yule aliyekuwa akimwita Kajangu. Utamkumbuka, mwenye doa jeupe shingoni. Ma Kokushubila ndiye aliyemleta akiwa mdogo kama ngumi, mwaka baba alipofariki, baada ya kusikia kwamba panya wanamaliza maharage ya mjane mwenzake. Alimfunga kwenye kikapu, akavuka nacho ule mpaka wa kibanja, shamba letu la migomba, ambao baadaye waligombania, wakapatanishwa na balozi wa nyumba kumi, wakaendelea kuazimana vyungu. Paka yule alizaa mara moja tu, na watoto wake wote wakafa. Tangu hapo akawa na tabia moja. Kila alichokamata alikileta kwanza kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, akakilaza chini, akalia mpaka Mama atoke aone. Alileta panya, mijusi, na wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, alileta mmoja mmoja kama anayelipa kodi. Mama alikuwa akimshukuru kwa maneno, kama unavyomshukuru mtu, kisha anamwambia ale mwenyewe.

Mwanao Alistidia, uliyekuwa umemwacha alelewe na Mama, alimpenda sana paka huyo. Asubuhi alikuwa akiamka na kukimbilia mlangoni kuona kimeletwa nini.

Mwaka jana, wiki ya pili baada ya Pasaka, Kajangu akaanza kuleta kwale. Siku ya kwanza alileta mmoja, mzima, hana hata jeraha. Mama alistaajabu, kwa sababu kwale si ndege wa kukamatwa na paka mzee. Siku ya pili alileta wawili. Unajua mwaka ule ulivyokuwa, kaka. Nyama tulikuwa hatujaionja tangu sikukuu, na zile fedha ulizokuwa ukituma zilikuwa zikiishia kwenye chumvi na mafuta ya taa. Mama akasema Mungu hasahau nyumba ya mjane, amempa paka kazi ya mwanamume. Akawanyonyoa wale kwale, akawapika na ndizi. Alistidia alikula, na maini alipewa yeye kwa kuwa alikuwa mdogo. Siku ya tatu walikuja watatu.

Yaliyofuata uliandikiwa na ukayaona mwenyewe ulipokuja msibani, lakini acha niyapange. Alhamisi ile Ma Kokushubila alileta ndizi na maharage vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, kama alivyozoea kila alipopika vingi. Alistidia alikula kidogo na hivyo pia. Jioni mtoto alianza kulalamika kichwa. Kabla ya alfajiri mwili ukaanza kumkakamaa, akawa anatetemeka na kuuma meno, akitulia kidogo inarudi tena. Nilimbeba mgongoni kwenda zahanati, Mama akinifuata nyuma, naye akitapika njiani. Mganga wa zahanati alifanya alichoweza. Jua lilipochomoza Alistidia alikuwa ameshakata roho.

Wanawake waliokuja kuosha mwili waliuliza mtoto alikula nini. Mama, akiwa hajitambui kwa kilio, alitaja kila kitu, na katika vile vitu watu walisikia kimoja tu: chakula kutoka kwa Ma Kokushubila. Wengine wakakumbuka ule ugomvi wa mpaka. Mwingine akasema hakuonja kwanza mbele ya wenye nyumba alipokileta. Unajua kwetu neno la sumu likishatamkwa halirudi mdomoni. Meli ilipokuleta siku ya pili, ulikuta kijiji kizima kimeshahukumu.

Sikulaumu, kaka. Baba aliyekuja kuzika mwanawe wa pekee hawezi kuulizwa kwa nini hakuwa na subira. Lakini nitayataja, kwa maana hata usiku huu nayaona. Ulisimama kaburini ukauliza nani aliyemlisha mwanao. Watu wakageuka kumtazama yule mama, na yeye alikuwa amesimama pale pale, ameleta kanga ya kumzikia mtoto. Uliikataa ile kanga. Kisha ukachukua panga, ukaenda kwenye kibanja chake ukakata mgomba wa kwanza, na vijana wakafuata, wakakata mpaka nyumba ikaonekana kutoka barabarani. Nyasi za paa zikaondolewa. Yeye alikaa juu ya kinu chake akitazama, na kesho yake akaondoka na tita moja la nguo kichwani kuja huku Muleba kwa mtoto wa kaka yake. Wiki ile ile mwenyekiti wetu, Ta Gamaliel, aliitisha mkutano, ikaamuliwa kwamba mwanamke huyo ameua na hawezi tena kuwa mwanakijiji, na kibanja chake kiwe sehemu ya shamba la ujamaa. Mimi nikiwa katibu wa kijiji niliandika muhtasari, nikatia sahihi.

Mwaka ukapita. Mwezi uliopita Bwana Shamba Lwakatare alirudi na magunia mengine ya dawa ya unga, ile ya kuua fukusi wa migomba, tuliyonyunyiza kwenye mashina mwaka jana, kabla tu ya yale mambo. Safari hii Ta Mutembei hakusubiri mkutano, alinyunyiza mapema, na bata wake wanne wakafa kwenye mtaro, mabawa yakiwa yametanuka. Alikuja nao mkutanoni amewashika miguu. Akaniuliza mbele ya watu wote kama dawa ile inaua ndege. Bwana Shamba alikuwa ameketi pembeni yangu. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema ndiyo, inaua, na mtu asithubutu kula ndege aliyeidonoa.

Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa chini mbele. Sikumtazama. Alirudi nyumbani peke yake, akaketi jikoni, na kwa siku mbili hakuwasha moto wala hakuweka kitu mdomoni. Siku ya tatu niliingia kumbembeleza anywe uji. Akaniambia kwa sauti ndogo:

“Aristides, wale kwale wa Kajangu?”

Nilishika bakuli la uji nikashindwa kulikabidhi wala kuliweka chini. Mama akainuka, akachukua kanga yake ya kanisani, akasema nimpeleke Muleba.

Tulimkuta Ma Kokushubila nyuma ya nyumba ya ndugu yake, katika kibanda kilichokuwa cha mbuzi. Amezeeka kwa mwaka mmoja kama kwa miaka kumi. Mama alipiga magoti kwenye matope, na yule mama akamwacha pale kwa muda mrefu kabla ya kumshika mkono. Tuliambiwa na jirani kwamba habari ya sumu ilimtangulia kufika. Hapa hakuna anayekula alichopika. Watoto wa ndugu yake wamekatazwa hata kupokea muhogo mkononi mwake, na kisimani wanawake humwachia achote wa mwisho. Jioni ile alipika ndizi, akamwekea Mama uani, mbele ya watoto wote. Mama alikula mpaka akamaliza, akaomba nyingine. Wale watoto walisimama wakimtazama kama wanaosubiri aanguke.

Siku ya pili nilimweleza Ma Kokushubila yote, nami nilikuwa nimepiga magoti. Hakulia, na hakusema amenisamehe. Alisema hivi:

“Mimi nilijua siku zote kuwa sikumwua. Baba wa mtoto ndiye asiyejua. Uliandika kwa mkono wako kwamba nimeua. Sasa mwandikie na yeye.”

Ndiyo maana naandika, kaka. Niliyomweleza ni haya.

Kabla ya kunyunyiza dawa mwaka jana nilipelekwa Bukoba siku tatu kwenye mafunzo. Bwana Lwakatare alitwambia wazi kwamba dawa hii ni sumu, kuku wafungiwe wiki mbili, na ndege au mnyama yeyote atakayeonekana amelegea asiliwe na mtu. Niliandika maneno hayo kwenye daftari, na daftari ninalo. Niliporudi kijijini watu walikuwa wakinung'unika kwamba dawa za serikali zitamaliza migomba yao. Wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua, nami nilitaka wakute kijiji chetu kimenyunyiza zaidi kuliko vingine. Nilijua nikitaja sumu hakuna atakayekubali. Basi niliwasomea idadi ya vijiko kwa kila shina, nikawaambia wafunge kuku wasije wakaparua unga, na ule mstari wa ndege nikauruka.

Hilo peke yake ningeweza kuliita ujinga. Lakini jioni ya Jumatano, siku ya tatu ya wale kwale, nilifika nyumbani nikawakuta Mama na Alistidia jikoni wanakula. Niliona manyoya kwenye ungo. Nikauliza wametoka wapi, Mama akacheka akanisimulia habari za paka wake. Nilielewa pale pale, kaka. Mwanao alikuwa ameshika paja dogo la kwale, akainuka akaja kuninyooshea. “Baba mdogo, hili lako.” Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi. Nilimwambia nimeshiba, yeye akarudi kuketi akalila lile paja, nami nikasimama pale namtazama. Nilijiambia kwamba wamekula siku mbili hawakudhurika. Nilijiambia kwamba nikisema sasa, Mama atawasimulia majirani, na kesho kijiji kizima kitajua nililowaficha.

Asubuhi ya msiba, watu walipokuwa wakikusanyika, nilimkuta Kajangu nyuma ya jiko amekauka, meno nje, na kwale mwingine mbele yake ambaye hakumaliza kumfikisha mlangoni. Niliwazika wote wawili chini ya mgomba, nikawaambia watu paka amepotea. Mganga wa zahanati alikuwa ameniuliza mtoto alikula nini. Nilimjibu ndizi. Na uliposimama kaburini ukauliza nani aliyemlisha mwanao, kaka, nilikuwa kushoto kwako, bega langu limegusa lako.

Kwa mwaka mzima nimekuwa nikipalilia na wenzangu katika kibanja cha yule mama kila Jumamosi. Machipukizi ya migomba yake yameota tena.

Jumapili ijayo, baada ya misa, nitasimama mbele ya kijiji niseme haya bila kuruka mstari. Ta Gamaliel nimeshampelekea nakala ya maneno haya pamoja na barua ya kuacha ukatibu. Amenijibu kwamba nifikiri vizuri, kwa sababu mambo yanaweza kufika polisi Bukoba. Yafike. Ma Kokushubila amesema harudi Rubafu hata wakimjengea nyumba ya bati, na Mama amesema hatamwacha hapa peke yake. Ameshaomba jembe na wanalima pamoja kiraka nyuma ya kibanda. Sijui nyumba yetu itakuwaje.

Ukiamua kuja, ushukapo melini Bukoba usiende nyumbani kwanza. Panda basi la Biharamulo ushuke hapa, uulize kwa Rugemalira fundi baiskeli, watakuonyesha. Ukinitaka mimi utanikuta Rubafu, sitaondoka. Shemeji Georgina usimwachie barua hii aisome akiwa peke yake. Mwambie kwamba mtoto alinyweshwa maji kila alipoomba, na kwamba alikufa akiwa amepakatwa.

Nakuomba jambo moja tu, nami sina haki ya kuomba. Utakapomwona Mama, usimwulize alimlisha nini Alistidia. Anajiuliza mwenyewe kutwa, jembe mkononi. Yeye aliwapokea wale ndege akidhani ni zawadi. Mimi ndiye niliyejua.

Wasalimu wote wanaotufahamu hapo Mwanza, kama bado utapenda kuwapa salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,

Aristides Rwegasira