Kitanda cha Tano

3 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Wifi na watoto wazima? Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa dawa ya kufulia mashuka ya wodi ya maradhi haya ya kuambukiza. Fundi seremala, yule aliyetengeneza mimbari yako, amelazwa humu. Kila nikiingia kuchukua mashuka ananiuliza, "Ndugu yako anakuja lini kuniombea?" Daktari mkuu amewaruhusu wachungaji kuingia, na mavazi ya kujikinga yapo. Njoo basi.

Dada yako

5 Juni

Dada,

Shikamoo. Huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nikufiche nini? Naogopa. Nikisikia mtu akikohoa barabarani navuka upande wa pili. Watoto bado wadogo, na wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeandika sala, imo humu ndani ya bahasha. Msomee fundi kwa niaba yangu. Nawe jitunze.

Mdogo wako

22 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari za nyumbani? Za kwangu usiulize. Fundi alifariki nikiwa katikati ya sala yako, nikaimalizia hivyo hivyo. Tangu siku hiyo namsomea kila anayeomba. Hawajui mimi ni nani, maana kwa barakoa na magauni haya tunafanana wote.

Sasa nasikia mshona nguo aliyepona alisimama kanisani jana akalia, akasema mchungaji alikuja hadi kitandani kwake. Sauti yangu nzito mliyokuwa mkiitania, kumbe imekufaa! Kanisa zima likakupigia makofi, nawe ukainamisha kichwa, mnyenyekevu wa watu. Ulipokuwa mtoto ukimkimbia jogoo nilikubeba mgongoni, sikukucheka. Uoga wako nauvumilia. Hili limeniuma.

Dada yako

25 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini hasira imepoa. Sikusema uongo, nilinyamaza tu. Watu wamekata tamaa, wanahitaji kuamini kwamba mchungaji wao alikwenda. Nipe muda.

Mdogo wako

3 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika nimelala, mwandiko uusamehe. Homa ilinianza Jumatatu, na kifua kimebana. Wamenipa kitanda cha nne. Muuguzi anasema umepiga simu unalia, unataka kuja leo leo. Kumbe njia unaijua! Fundi alikuulizia kila siku.

Usije kwa ajili yangu. Kitanda cha tano yupo mama muuza mboga, hana ndugu hata mmoja, na anamwulizia mchungaji tangu alipoletwa. Ukija, njoo kwake. Mimi unipite. Nitatamani unishike mkono, nitatamani sana, lakini unipite. Nakupenda, mjinga wewe.

Dada yako

6 Julai

Dada,

Shikamoo. Leo siulizi hali yako.

Jana niliwaambia waumini kwamba sikuwahi kuingia wodini, kwamba aliyewasomea wagonjwa ni dada yangu, dobi wa hospitali. Hakuna aliyepiga makofi. Wazee wa kanisa wamesema nipumzike kuhubiri.

Kutoka pale nilikuja moja kwa moja. Walinivisha gauni na barakoa. Ulikuwa umefumbua macho. Nilitaka kusimama kwako, ukanionyesha kwa kidole kitanda cha tano, nikaenda. Yule mama alinishika mkono asiniachie. Nilisali, nikamwimbia, nikangoja mpaka usingizi ukampata. Leo asubuhi ameweza kuketi.

Jana nilipogeuka kutoka kwake, muuguzi alikuwa amekwisha kukufunika uso. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwako, dada, nimekupa mgongo.

Mdogo wako