Kompyuta Ilisema Mama Amepumzika

Butiama,
Jumapili mchana.

Dada yangu Dorkas,

Shikamoo. Huko Nyasura hamjambo? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi wazima, na mimi nimenenepa kwa furaha. Miezi miwili ya ndoa, na bado Gody akirudi kazini moyo unanidunda kama siku ya harusi. Asubuhi ananiletea chai kitandani, dada! Chai ya maziwa!

Lakini tangu jana nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Ndiyo maana nilikukatia simu uliposema mume wangu amemfukuzisha mama kazi.

Unajua utafiti wa Gody: anaifundisha kompyuta kutambua kwa kamera kile mtu anachofanya. Alipiga video kule Makoko, kwenye uwanja wa kuanikia dagaa. Enoka, mwenye uwanja, akaomba kuona matokeo. Kompyuta ikaonyesha kwamba mama anapumzika kuliko wote. Basi Enoka akamwambia mbele ya wenzake kwamba yeye halipi mtu kwa kukaa, aende akakae kwake. Miaka kumi na tisa ya jua na shombo! Na yeye Enoka anashinda chini ya mwavuli akichezea simu, kamera haikumgeukia.

Sasa nisikilize, dada. Kompyuta haijui kitu mpaka mtu aifundishe. Kila kipande cha video, kuna mtu anabonyeza: anafanya kazi, au amepumzika. Mtu huyo ni mimi. Nilimwomba Gody anipe kazi hiyo ili tukae bega kwa bega. Kila nilipoona mwanamke amenyoosha miguu anachambua dagaa, nilibonyeza kwamba amepumzika. Kwetu kazi ni kubeba ndoo. Mama mwenyewe husemaga njooni tupumzike, tuchambue. Na tangu goti limsumbue, anachambua tu. Gody hajakulia kwenye dagaa, aliniamini.

Tumesahihisha vyote, lakini Enoka hataki kusikia. Anasema kompyuta haidanganyi. Kesho nakwenda Makoko kumwambia mbele ya wale wanawake kwamba aliyedanganya ni mimi. Ila nitaanza kwa mama, kabla hajasikia kwa mtu.

Gody mwache. Ukitaka kugomba, gomba na mimi. Nibusie watoto, na shemeji umpe salamu za heshima.

Mdogo wako,
Yunis