Kuipunguzia Diski Kazi

Korogwe, Jumatano usiku

Kumbe tulikuwa tukiichosha diski sisi wenyewe.

Tangu seva ya tovuti yetu ya bei za mazao ilipoonya kwamba diski inachakaa, Mhina, mwenzangu wa kujitolea aliyeko Handeni, amekuwa akiipima kila dakika na kuyaandika majibu humo humo kwenye diski. Leo nimempigia.

"Mhina, mgonjwa gani anatolewa damu kila dakika?"

Akacheka. "Basi dada, tumwache apumue."

Tumeizima programu yake. Bei za magulio nazo zitakaa kwenye kumbukumbu ya muda, ziandikwe jioni mara moja. Umeme ukikatika mchana tutapoteza za siku hiyo, na hilo linanitisha. Lakini diski nyingine hatuna, na hii sasa imetulia.

Natamani kuichungulia tena, nione kama... Hapana. Nalala.