Nimemfuta Shemeji Kwenye Orodha Yangu ya Sauna

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na nakuomba uisome barua hii hadi mwisho kabla hujaanza kunilaumu, maana kila niliyemsimulia hapa mjini Hancock amenikatiza katikati na kuniambia nina kichwa kigumu, wakati mimi ndiye niliyekosewa.

Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na tatu, nilikuwa fundi wa mabasi ya shule hadi nilipostaafu, mke wangu Lempi alifariki miaka sita iliyopita, na majira yale ya baridi, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya na theluji imeziba madirisha, nilijifunza kompyuta nikaanzisha tovuti yenye orodha ya tovuti nyingine zote zinazohusu sauna, vile vibanda vya kuogea mvuke wa moto, yaani wajenzi, mafundi wa majiko, wauza mawe ya kuweka juu ya jiko, wauza matawi ya kujipigia mgongoni, hata wazee wanaoandika tu kumbukumbu za sauna za babu zao, na leo ninazo mia nne na kumi na mbili, zimepangwa kwa mafungu, na kila moja nimeitembelea mwenyewe kwa macho yangu haya kabla ya kuiweka. Kila Jumatatu nachemsha kahawa, nakaa na kuzibofya zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu tovuti hufa, na ikifa huokotwa na wahuni, kama ile ya mama mmoja wa Duluth aliyekuwa akiuza taulo za kitani, ikageuka ya kamari, na aliyenishtua ni mchungaji wetu, nami sikumuuliza alikuwa anatafuta nini huko.

Kanuni yangu ni moja tu. Nikikuweka kwenye orodha yangu, nawe unaweka kiungo cha kuelekeza watu kwangu kwenye ukurasa wako wa mbele. Simtozi mtu chochote, sipokei matangazo, nataka mstari mmoja tu, kwa sababu mitambo ya kutafuta huko mtandaoni inahesabu ni tovuti ngapi zinakuelekezea watu, na usipoelekezewa na wengi unazikwa ukurasa wa tisa ambako hakuna anayefika. Nimehangaika na orodha hii, mshauri! Nimewaandikia wenye tovuti zaidi ya elfu moja, mmoja mmoja, nimebandika anwani yake nyuma ya gari, nimegawa kadi kwenye kahawa baada ya ibada, na ndiyo, nilizichomeka pia ndani ya vitabu vya nyimbo, mchungaji akanirudishia zote kwenye mfuko wa plastiki akaniambia, "Ndugu yangu, watu wanafungua wimbo wa mazishi wanakuta picha ya ndoo ya sauna!" Sawa, hilo nilikubali.

Sasa huyu shemeji. Dada yangu Helmi ameolewa na Arvid, nyumba yao iko ng'ambo ya uzio wangu, Arvid ana karakana anamochomelea majiko ya sauna, na majiko yake ni mazuri, sikatai, hata la kwangu ni la mkono wake. Nilimweka wa kwanza kabisa kwenye fungu la majiko, juu ya viwanda vikubwa. Mwezi wa tisa binti yao Kaija, anayefundisha shule kule Green Bay, akamtengenezea baba yake tovuti mpya, picha nzuri nzuri, na kiungo changu hakimo. Nilipekua ukurasa ule mara nne. Hakimo! Watu ambao sijawahi kuwaona maishani mwangu wameniwekea, shemeji yangu mwenyewe amenitoa.

Nikamtumia barua ninayowatumia wote, kwamba una siku saba za kurudisha kiungo, la sivyo utaondolewa. Kila jioni namwona dirishani kwake anakunywa kahawa, raha mustarehe, jibu hakuna. Siku ya nane nikamfuta, na nikamwandika kwenye ule ukurasa mwingine.

Ukurasa huo niueleze. Mwaka jana nilichoshwa na watu wa kuchukua tu, nikatengeneza ukurasa unaoitwa "Wasioaminika" nikayaweka humo majina ya wote waliovunja kanuni yangu, na cha ajabu huo ndio watu walioupenda, maana orodha nzima ilikuwa inapata wageni thelathini kwa siku, ukurasa huo peke yake ukaleta mia tatu, wengine wakauwekea viungo bila hata kuombwa, basi nikaupandisha juu kabisa kwa herufi nyekundu. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Kwa Arvid niliandika jina lake lote, karakana yake ilipo, na maneno haya: "Hatimizi ahadi. Msifanye naye kazi." Nami nilikuwa sahihi, hakutimiza.

Wiki tatu baadaye mlango ukagongwa asubuhi, nikamkuta Helmi kwenye ngazi, hajavaa hata koti.

"Kaka, umemwandika nini mume wangu?"

"Ingia kwanza, kahawa ipo."

"Sitaki kahawa yako! Umemwandika nini?"

Kumbe mwenye nyumba moja ya wageni huko Wisconsin, aliyekuwa ameagiza majiko sita, alilitafuta jina la Arvid mtandaoni, na kitu cha kwanza kutokea kikawa ukurasa wangu. Akapiga simu kuyakataa. Na wengine wawili baada yake.

"Mimi nimeandika ukweli," nikamwambia.

"Ukweli gani? Miaka thelathini na moja anachomelea yule mtu, jiko gani aliahidi hakulipeleka? Litaje moja tu!"

"Kiungo, Helmi. Hakurudisha kiungo."

"Kiungo," akasema. "Mungu wangu. Lempi angekuwa hai angekuzaba kofi." Akaondoka.

Nikaona niende karakana tuyazungumze kiume.

"Shemeji, mimi nilikuandikia. Nilikupa siku saba nzima."

"Uliniandikia wapi?"

"Kwenye barua pepe."

"Tangu lini mimi nikasoma barua pepe? Hiyo ni kazi ya Kaija. Nyumba yako naiona kutoka hapa nilipo, naona hadi chupi zako kwenye kamba. Si ungenipigia ukelele tu!"

"Kanuni ni ya wote, shemeji. Nikikuachia wewe, wale wengine nitawaambia nini?"

Alivaa kinyago chake cha kuchomelea akanipa mgongo, na mashine yenyewe ilikuwa haijawashwa. Nikaona hiyo ni dharau, nikatoka.

Miaka ishirini na sita Arvid na Helmi wamekuja kuoga kwenye sauna yangu kila Jumamosi, hata Jumamosi ya kwanza baada ya kumzika Lempi walikuja. Sasa Jumamosi tatu mfululizo nimewasha moto, nimeteka maji, nimekaa kwenye benchi peke yangu hadi mawe yakapoa. Karakana imefungwa tangu juzi, na jana Helmi amebandika gazeti kwenye dirisha la jikoni, upande unaotazama kwangu. Gazeti hili hili unaloandikia wewe.

Swali langu ni hili: nifanyeje ili Arvid arudishe kiungo, Helmi aniombe radhi kwa kunifokea mlangoni pangu, na tuendelee na Jumamosi zetu kama zamani? Na tafadhali ukijibu utaje anwani ya orodha yangu, nimeiandika hapo chini kwa herufi kubwa.

Mimi Niliyekosewa,
Hancock


Kwako Uliyekosewa,

Nimeisoma hadi mwisho kama ulivyoomba, tena mara mbili, na mara zote mbili nimemaliza nikiwa nimekasirika. Anwani yako siitaji. Majina yote nimeyabadilisha na mtaa nimeuondoa, kwa sababu jina kamili la shemeji yako umeliandika mara sita na mtaa wa karakana mara mbili, ndani ya barua ya kuomba ushauri! Hata kwangu ulikuja kumchongea.

Pole kwa kufiwa na mkeo. Na kazi yako siidharau. Mtu anayekaa kila Jumatatu kukagua tovuti mia nne ili mwenzake asiangukie mikononi mwa matapeli ni mtu mwenye moyo, na nilipofika hapo kwenye barua yako nilikuwa upande wako kabisa. Kisha ukaniambia kwamba mtu mmoja ambaye ungeweza kumkagua kwa kufungua dirisha ndiye uliyemtumia barua ya wageni.

Acha nikuulize, tuko wawili tu hapa na wasomaji wote wa gazeti hili. Mtu umeoga naye kila wiki kwa miaka ishirini na sita, hukujua kwamba hasomi barua pepe? Ulijua. Ulimwona kila jioni dirishani, ukahesabu siku, ukamwacha anywe kahawa yake. Ulitaka siku saba ziishe. Ukurasa wako mwekundu ulikuwa unaleta wageni, ukurasa wa namna hiyo lazima ulishwe jina jipya, na jina la Arvid ndilo lililokuwa karibu.

Halafu unasema uliandika ukweli. Wanaosoma orodha yako ni watu wanaotafuta jiko. Ukimwambia mtu anayetafuta jiko kwamba fundi huyu hatimizi ahadi, anaelewa kwamba fundi atapokea pesa na jiko asilipeleke. Huo ni uongo, mzee mzima wewe, na umeuweka juu kabisa, kwa rangi, ukautembeza bara zima kwa bidii ile ile uliyotembeza kadi zako kanisani. Sasa karakana iliyofanya kazi miaka thelathini na moja imefungwa, nawe unaniuliza habari za kiungo.

Na kile kinyago. Hakuna anayevaa kinyago mbele ya mashine iliyozimwa ili afanye kazi. Shemeji yako alikuwa anakuficha uso wake. Wewe ukaona dharau.

Kuhusu dada yako kukuomba radhi, nilicheka peke yangu ofisini, kisha hasira zikanirudia. Helmi alikuja kwako bila koti kukuuliza swali moja la maana, jiko gani halikufika. Mpaka leo hujamjibu.

Sasa sikiliza, na usinijadilie. Leo hii, kabla hujachemsha kahawa, futa ukurasa ule wote. Usiishie kwenye jina la Arvid, wale wengine nao wana dada zao. Kisha, kama uliweza kuwaandikia watu elfu moja kuomba viungo, basi waandikie wote waliouwekea viungo ukurasa wako na wote walionakili maneno yako, mmoja mmoja vilevile, uwaombe wayaondoe na uwaeleze sababu. Neno "kutoelewana" silitaki. Andika "nilisema uongo." Ukimaliza, mpigie simu yule mwenye nyumba ya wageni Wisconsin, ujitaje jina lako lote, umwambie ulichofanya na kwa nini. Akikutukana, sikiliza hadi amalize. Majiko anaweza asiyatake tena, lakini asiyakatae kwa sababu ya uongo wako.

Arvid mrudishe mahali pake kwenye orodha, asidaiwe kiungo wala asiambiwe kwamba amerudishwa. Na kanuni yako itazame upya. Fundi mzuri anastahili kuwemo kwa sababu ni fundi mzuri, basi. Atakayekuwekea kiungo mshukuru, asiyekuwekea mwache, na kama orodha yako itazikwa ukurasa wa tisa, atakayeichimbua atakuta vitu vya kweli ndani yake.

Kisha nenda kwao. Nenda mchana, mlango wa mbele, mikono mitupu, bila kadi na bila karatasi ya kuwaonyesha yote uliyorekebisha. Usiwaalike sauna. Mwaliko wako kwa sasa ni kuwatwisha kazi ya kukusamehe, na wana mizigo ya kutosha uliyowapa. Mwambie Arvid, mbele ya mkewe, "Nilisema uongo juu yako, na nikafurahi uongo huo uliponiletea wageni." Hilo la kufurahi usiliruke, maana ndilo lililomuuma dada yako kuliko yote, na analijua tayari. Ukishasema, nyamaza. Usieleze kanuni. Usimtaje Kaija. Arvid akikaa kimya, kaa kimya naye, kwenye benchi la sauna mliweza.

Wakikufungia mlango, wana haki, na usije kuniandikia mimi kulalamika. Rudi kesho yake saa ile ile, ugonge tena, useme maneno yale yale.

Mshauri wako