Mgonjwa Amepona

Kidoti uko wapi?? Soma hii kwanza. Usinipigie.

Unazikumbuka zile seli za maabara ninazozilisha kila Jumatatu? Zile ninazoziimbia, ukanicheka ukaniita chizi?

Leo daktari wetu kafungua majibu, akapiga meza. Anasema ile jeni ya selimundu, ule ugonjwa wa damu, wameikata ndani ya seli zile, wakapachika nzima, na imeshika. "Mgonjwa amepona!" Wote tukapiga makofi. Hata mimi nikapiga, Kidoti.

Halafu akanituma nikatoe faili la mtu aliyetoa damu iliyozaa seli zile. Jina limefutwa. Ila chini kuna sahihi ya ndugu aliyeridhia.

Ni sahihi yangu.

Yangu mimi! Ile fomu niliyosaini wodini bila kusoma, siku ile mdogo wangu anaomba maji.

Miaka mitatu namlisha. Namwimbia. Wala sijui.

Nimemwambia daktari. Kafunga faili, akasema, "Ni seli tu, dada."

Seli tu! Si yeye aliyesema mgonjwa amepona? Amepona, Kidoti, na sisi tulishamzika.

Nimesimama nje ya mlango wa maabara. Leo Jumatatu, na bado sijamlisha.